Beringi za Nyuma za Gari la Mwalimu

Living ameniomba niandike haya. Ndiye msimamizi wa gereji sasa, na sababu aliyonipa si ya heshima sana. Alisema, "Injinia, andika unachokijua uache hapa mezani. Nisipokuwa na karatasi yako utanipigia simu kila siku kuniuliza kama tulikaza nati." Nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikaenda kununua daftari.

Nimestaafu gereji nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mama yangu hataki nilitumie neno hilo mbele ya majirani. Anapendelea niseme ninapumzika. Lakini daktari alipotazama picha ya mgongo wangu alisema nisiiname tena chini ya gari wala nisinyanyue gurudumu, na fundi asiyeinama wala kunyanyua gurudumu ni mteja. Kwa hiyo nimestaafu. Ninyi wawili mnaoanza kazi mwezi huu mtanikuta kwenye haya maandishi tu, na sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu gereji yetu ina vyeo viwili, fundi na asiye fundi, na hakuna anayekutangazia siku ulipovuka.

Nilifika gerejini, pale mtaa wa Soweto mjini, asubuhi moja ya mvua nikiwa na shahada ya uhandisi mitambo ndani ya bahasha ya nailoni. Mzee Elisaria, mwenye gereji, alikuwa ameketi juu ya injini iliyokufa akinywa chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akafuta mikono, akakisoma cheti changu chote mpaka sahihi za chini, akanirudishia.

"Ni kizuri," alisema. "Kiweke mbali na grisi."

Kisha akanipa ndoo ya mafuta ya taa na kopo lililojaa beringi za zamani. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kuosha beringi. Unaiosha mpaka grisi yote itoke, unaikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, unaidondoshea tone la oili, unaisogeza sikioni na kuizungusha kwa vidole. Msiipulize kwa upepo wa kompresa ili izunguke; inafurahisha kuisikia ikilia, na inaharibika huku mnafurahi. Beringi nzima haisemi karibu chochote. Mbovu inasikika kama mtu anayetembea juu ya mchele uliomwagika sakafuni.

Mwisho wa wiki ya tatu Mzee aliniwekea beringi ishirini mezani nizitenge. Mimi nikachora jedwali lenye safu tatu. Akalitazama.

"Safu ya kwanza?"

"Nzima."

"Ya pili?"

"Mbovu."

"Na hii ya tatu, iliyojaa kuliko zote?"

"Zenye shaka, Mzee."

"Ifute," alisema. "Gari likiwa barabarani halina safu ya tatu."

Nilifuta, lakini nilikuwa nimeikandamiza penseli, na alama zilibaki. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikikaza nati naikaza tena baada ya chai, na kama mteja bado hajaondoka, naikaza mara ya tatu nikijifanya napita tu. Mzee aliwahi kuniambia, "Nati haina wasiwasi, Injinia. Wasiwasi ni wako, na wewe unaupeleka kwenye nati."

Sasa niwaeleze kuhusu beringi za nyuma za magari madogo ya zamani, zile za mtindo wa koni, maana hapo ndipo tabia yangu ilipokuja kukutana na kazi yangu. Kila gurudumu lina beringi mbili zinazotazamana ndani ya dramu ya breki, kubwa ndani na ndogo nje, na nati moja ndiyo inayoamua zibanwe kiasi gani. Ukiilegeza mno, gurudumu linacheza. Ukiikaza mno, vyuma vinasagana, vinapata moto, grisi inayeyuka, na mwisho beringi inashikamana gari likiwa linakwenda. Mzee alinifundisha hivi: kaza huku unazungusha dramu ili kila kitu kikae mahali pake, legeza kabisa, kisha kaza tena kwa vidole tu, bila spana. Halafu unapitisha pini ya kuzuia nati isijifungue. Tundu la pini lisipolingana na mwanya wa nati, rudisha nati nyuma mpaka mwanya wa karibu. Usiende mbele. Hilo nililiandika, nikalipigia mstari, na bado nitawaeleza nilivyolivunja.

Ilikuwa Jumamosi. Mzee Elisaria alikuwa amekwenda Tarakea kumzika shemeji yake, na Living alikuwa hajaajiriwa bado. Simu ya gereji ikalia. Alikuwa Mwalimu Aikande wa Old Moshi, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wa huko juu mlimani.

"Gari linanguruma nyuma," alisema, "na gurudumu linatikisika. Siwezi kulishusha. Njooni mlitengeneze hapa hapa nyumbani."

"Mwalimu, Mzee hayupo. Jumatatu tunaweza..."

"Jumatatu saa moja asubuhi mume wangu anatakiwa awe kitandani hospitali anasafishwa damu. Ulikuwa unasemaje?"

Nilisema ninakuja. Mumewe, ambaye sote tulimwita Baba, figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi mwaka uliotangulia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Mwalimu alimshusha mjini kwa kigari chao. Wiki mbili kabla ya hapo gari lilikuwa na hitilafu nyingine, wakakodi la mtu, na la kukodi halikutokea. Baba alikosa siku moja tu, na kesho yake miguu ilivimba na pumzi ikawa ya kuomba. Mwalimu hakutaka kusikia tena habari za gari la mtu.

Nilipanda bodaboda na begi la vifaa mgongoni. Ndani nilikuwa na jeki, stendi mbili, spana, tindo, nyundo, grisi, sili, pini mpya na beringi nne mpya nilizozihesabu mara tano. Njia nzima niliwaza vitu vilivyoweza kuharibika, na kufikia kona ya kanisani nilikuwa na orodha ya mambo kumi na moja.

Kitu cha kwanza hakikuwa kwenye orodha. Nyumba ya Mwalimu, kama nyumba nyingi za huko, ipo kwenye mteremko. Ukiweka chungwa mlangoni unaliokota kwa jirani wa chini. Gari halipandishwi jeki kwenye mteremko. Nilizunguka kihamba chote, shamba la nyumbani la migomba na mibuni, nikitafuta mahali pa tambarare.

"Unatafuta nini, binti yangu?" Baba aliuliza. Alikuwa kwenye kiti cha uvivu barazani, amejifunika blanketi.

"Tambarare, Baba."

"Ipo moja tu," alisema, akanyoosha kidole kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa. Kahawa ilikuwa imeenea pale yote.

Mwalimu alitazama kahawa, akamtazama mumewe, akachukua reki. Tukaikusanya kwenye magunia, tukalisukuma gari pale taratibu, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Baba akaomba kiti chake kisogezwe karibu. Alikuwa ameendesha mashine ya kukoboa kahawa miaka mingi na hakutaka kusimuliwa.

Nilianza na gurudumu la kulia. Kabla ya kulifungua nilishika springi kwa mkono mmoja na kulizungusha kwa mwingine, maana springi inakuletea mtetemo moja kwa moja kiganjani. Ulikuwa ule mchele uliomwagika. Nikafungua gurudumu, kofia ya chuma, pini, nati, nikavuta dramu. Sili ya ndani ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yameingia; grisi ilikuwa na rangi ya kutu.

Vikombe vya beringi, yaani zile pete za chuma zinazokaa ndani ya dramu, vilikataa kutoka. Hapo msitumie hasira. Unaweka tindo ukingoni, unagonga upande mmoja, unahamia upande wa pili, unarudi, mpaka kitoke kimenyooka. Vipya nilikuwa nimeviweka kwenye friza ya Mwalimu tangu nifike, ili vinywee kidogo viingie kwa urahisi.

"Vipo kati ya maziwa na nyama ya mbuzi," Mwalimu alisema alipovileta kwenye sahani. "Kama kuna harufu, si kosa langu."

Unaweka kikombe kipya, juu yake kile cha zamani, unagonga hicho cha zamani ili nyundo isiguse kipya. Sauti itakuwa nyembamba, nyembamba, halafu ghafla inakuwa nzito. Hapo kimekaa.

"Kimefika," Baba alisema, kabla sijasema mimi.

Kulia kulikwenda kama Mzee alivyofundisha. Vidole tu, pini ikapita mara ya kwanza. Baba alikuwa akihesabu. "Umekipima kile kitu mara sita. Mimi hospitali wananipima mara mbili."

Kushoto nati haikukubali. Niliikaza nikizungusha, nikailegeza, nikaikaza kwa vidole, na tundu la pini likawa katikati kabisa, nusu huku nusu kule. Nilijua la kufanya. Nyuma. Nikaishika nati, nikainua macho, nikamwona Baba na miguu yake iliyovimba kwenye soksi, na nikawaza njia ile ya kushuka mjini, zile kona, na gurudumu likichomoka. Nikawaza kwamba gurudumu lililolegea linaua na lililobana linanguruma tu. Si kweli, lakini kwa dakika ile ilionekana kweli. Nikachukua spana nikaenda mbele. Pini ikapita. Nikaikunja.

Baba alisema taratibu, "Hiyo umeibana."

"Kidogo tu, Baba."

Akavuta blanketi lake. Hakuwa mtu wa kubishana na shahada.

Tulilijaribu gari mpaka kanisani na kurudi. Kimya kabisa. Mwalimu alinipa bakuli la mtori na mkungu wa ndizi, nikashuka na bodaboda kabla jua halijazama.

Jumapili nilikuwa ibadani. Tatizo la mtu anayewaza kila kitu ni kwamba wasiwasi wa kweli ukija unavaa nguo zile zile za wasiwasi mwingine. Nilikaa pale nikijiambia: hivi ndivyo ulivyo, uliwaza hivi kuhusu mlango, kuhusu mtihani, kuhusu pasi ya umeme. Wakati wa matangazo ndipo nilipoona tofauti. Kwenye mlango huwa sikumbuki kama nimefunga. Kuhusu nati nilikumbuka vizuri sana nilichofanya. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho nikampigia Mzee Elisaria.

"Tundu halikulingana," nilisema.

"Ulikwenda mbele au ulirudi nyuma?"

"Mbele."

Nilisikia watu wa msibani wakiongea nyuma yake. "Panda," alisema. "Sasa hivi. Na usiseme lolote la kitabu."

Nilipofika kwa Mwalimu sikuingia moja kwa moja. Kwenye uzio nilivunja jani la sale, lile jani refu ambalo huku kwetu mtu hulishika anapokwenda kuomba radhi. Nilijisikia mjinga kidogo. Ni jambo la wazee, na nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na begi la spana. Baba alikuwa barazani. Aliliona jani kabla hajaniona mimi.

"Umekosa nini?" aliuliza.

"Kushoto, Baba. Ulivyosema."

Gari lilikuwa limerudi kutoka kanisani muda si mrefu. Nikagusa katikati ya gurudumu la kulia: uvuguvugu wa kawaida. Nikagusa la kushoto, nikaondoa mkono haraka. Nikadondosha maji kwa kidole, yalichemka yakapotea. Nikaliwekea gari mawe pale pale kwenye saruji, nikalipandisha juu ya stendi, nikalegeza breki nihakikishe si zenyewe zinazobana, nikazungusha gurudumu. Likazunguka mara moja na nusu, likasimama.

Mwalimu alitoka jikoni akifuta mikono. Nikampa jani.

"Nilikosea, Mwalimu. Nilikaza nati kupita kiasi."

"Ulijua lini?"

"Jana. Nilipokuwa nakaza."

Alilitazama jani. "Basi hilo si kosa, ni ukaidi. Darasani nilikuwa naviadhibu tofauti." Halafu akaliweka kwenye dashibodi ya gari. "Kesho saa kumi na mbili na nusu tunaondoka. Litakuwa tayari au halitakuwa?"

Duka la vipuri lilikuwa limefungwa na beringi nyingine sikuwa nayo. Nilifungua gurudumu. Grisi ilikuwa imekuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia na ilianza kunuka. Nikaomba mafuta ya taa. Nikaosha zile beringi mbili kama nilivyoosha wiki tatu za kwanza, nikakausha, nikatazama chuma kimoja kimoja juani. Nilikuwa natafuta rangi ya bluu au ya kahawia, ambayo ni alama ya chuma kilichoungua, na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Sikuona. Nikazitia oili, nikaziweka sikioni.

Mwalimu na Baba walikuwa kimya. Migomba ilikuwa inapiga kelele, nikawaomba radhi kwa migomba, nikaingia ndani ya gari nikafunga vioo. Nikazizungusha, moja baada ya nyingine. Kimya. Nikazizungusha tena. Kimya. Nilitaka kuzizungusha mara ya kumi, na nikajua nikifika mara ya kumi nitasikia mchele hata kama haupo. Ile safu ya tatu ilikuwa inanisubiri, pana na ya kustarehesha: zina shaka, Mwalimu, tafuteni gari la kukodi. Na la kukodi lisipokuja?

Nikatoka garini.

"Ni nzima," nilisema.

"Una hakika?" Mwalimu aliuliza.

"Nimezisikiliza. Ni nzima."

Nikapaka grisi mpya kwa kiganja, nikiisukuma iingie katikati ya vyuma mpaka itokee upande wa pili. Nikarudisha dramu. Nikakaza nikizungusha, nikalegeza, nikaweka spana chini, mbali, Baba akaisogeza mbali zaidi kwa mguu wake. Vidole tu. Tundu halikulingana, kama jana. Nikarudi nyuma. Pini ikapita.

"Na kesho?" Baba aliuliza.

"Kesho napanda na ninyi."

Nililala kwao. Asubuhi nilikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, juu kabisa ya gurudumu, na Baba mbele. Mwalimu aliendesha kama anavyoandika ubaoni, pole pole na kwa mstari ulionyooka. Tulisimama mara tatu. Mara ya kwanza baada ya kona mbili, nikashuka, nikagusa: baridi. Mara ya pili karibu na shule: baridi. Mara ya tatu tulipofika kwenye lami.

"Vipi?" Mwalimu aliuliza dirishani.

"Uvuguvugu. Sawa na kulia."

"Umegusa na kulia?"

"Mara mbili."

"Mimi nachelewa kitanda," Baba alisema. "Mwambieni aniguse na mimi kama nina uvuguvugu, halafu twende."

Saa moja kasoro tulikuwa hospitalini. Baba alishuka, akaegemea gari, akainama kwa shida, akaweka kiganja chake katikati ya gurudumu la kushoto. Alikiacha pale muda mrefu kuliko nilivyokiacha mimi. Kisha akaingia ndani akishikiliwa mkono na mkewe.

Mzee Elisaria aliporudi kutoka Tarakea nilimweleza yote, na la safu ya tatu pia. Hakunisifu wala hakunikaripia. Siku ile ile aliweka kanuni ambayo bado ipo hapo gerejini, na ndiyo maana mtaambiwa mwache chai zenu: aliyekaza nati za gurudumu ndiye anayepanda gari kwenye majaribio, na anakaa juu ya gurudumu alilolikaza. Watu wanadhani ni kanuni ya Mzee ya tangu zamani. Ni ya kwangu, kwa maana ya kwamba ni kwa sababu yangu.

Mwalimu naye akaanza kunitumia ujumbe. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akishamfikisha Baba, alishuka, akagusa magurudumu yote mawili ya nyuma, akaniandikia neno moja: Baridi. Kwa karibu miaka minne. Nilikuwa nausoma, naweka simu mfukoni, naendelea na kazi. Mwaka jana, Jumatano moja, ujumbe haukuja. Kesho yake tukapanda kwenda kumzika Baba, chini kidogo ya sakafu ya kahawa. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pembeni ya migomba. Nililigusa nikipita. Sijui nilitegemea nini, lilikuwa halijatembea.

Mgongo wangu ulianza kukataa miezi michache baadaye. Siku yangu ya mwisho Living alikuwa amebadilisha beringi za nyuma za gari la mteja mmoja, na kwa kanuni alipanda yeye, kiti cha nyuma. Mimi nilikaa mbele, kwa kuwa naagwa. Tulizunguka mpaka barabara kuu, tukarudi, mteja aliyekuwa akiendesha akasimama pembeni ya lango letu. Nilifungua mlango, nikaweka mguu chini, nikaanza kuinama kuelekea gurudumu la nyuma. Mgongo ukanishika nusu ya njia.

Living alinizunguka, akachuchumaa, akaweka kiganja kulia, akaenda akaweka kushoto.

"Baridi, Injinia," alisema.

Nikajinyoosha polepole, nikaenda kunawa mikono.